Mzigo wa Mama Mkwe

Kwenye klabu ya mbio ya mtaa walimwita Breki, na wengi waliojiunga baadaye hawakuwahi kulijua jina lake lingine. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwenye gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na kwa miaka mingi alikuwa akishinda kutwa kwenye kiti cha abiria, mguu wa kulia ukiwa tayari wakati wowote. Mazoea yana taabu. Hata akiwa ameketi kwenye benchi akinywa maji baada ya mbio, pikipiki ikikatiza ghafla, mguu wake ulikanyaga ardhi. Wenzake walicheka, jina likaganda.

Hakuwa msemaji. Kila Jumamosi asubuhi, klabu ilipokusanyika nje ya uzio wa shule, yeye aliitikia salamu, akafunga kamba za viatu, akasubiri. Alikimbia katikati ya kundi, si na wale wa mbele waliotazama saa kila kona, wala si na wale wa nyuma waliosimama kuvuta pumzi na kumalizia umbea. Alichokipenda kwenye mbio ni kwamba mtu anaweza kuwa na watu bila kudaiwa maneno. Vishindo vya miguu ya wenzake, mbele na nyuma yake, vilimtosha kuwa mazungumzo. Akirudi kwenye vyumba vyake viwili alikuwa ameshiba watu, na shibe hiyo ilimfikisha Jumamosi nyingine.

Ugonjwa ulipoanza kusikika, watu waliufanyia mzaha. Kisha shule zikafungwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na mafunzo ya udereva yakasimamishwa, maana hakuna dirisha la gari linaloweza kufunguka kiasi cha kuwatenganisha watu wawili. Breki aliliegesha gari kando ya ukuta na kulifunika turubai. Jumatatu aliliosha. Jumanne akaliosha tena, ingawa halikuwa limekwenda popote. Baada ya muda akagundua kwamba jua linaweza kuchwa bila yeye kuitumia sauti yake hata mara moja. Siku moja alijaribu kuisikia, akasema “haya” peke yake jikoni, na ikatoka kama ya mgeni aliyekosea nyumba.

Aliyemtoa ndani ni Mwenyekiti. Huyu alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika mtaa wa tatu, ambaye kila mbio alimaliza wa mwisho na kila mkutano alikuwa wa kwanza kuzungumza. Miaka ya nyuma klabu ilikuwa ikikimbia mara moja kwa mwaka kuchangia wodi ya watoto. Sasa mbio za pamoja zilikuwa mwiko, lakini yeye hakukubali klabu ife kikondoo. Alimpigia simu mwanachama mmoja mmoja. Wazee wameambiwa wasitoke, alisema, sasa dawa zao wanazipataje? Maduka yametoa vyakula, duka la dawa litafunga dawa za kila mmoja, na sisi tuna miguu. Kila mtu atakimbia peke yake Jumamosi, mzigo mgongoni. Akifika ataweka mfuko mlangoni, atagonga, atarudi nyuma hadi getini, na hataondoka mpaka amemwona mwenye nyumba kwa macho yake. Barakoa alishona yeye mwenyewe kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki. Ya Breki ilikuwa na maua ya njano.

“Wewe nimekupa mlima wa tangi la maji,” alimwambia. “Nyumba tatu. Ya mwisho ina mlango wa buluu na geti linalolia.”

Kilio cha geti lile Breki alikijua. Alikuwa amelipaka mafuta mwenyewe zaidi ya mara moja, siku zile alipokuwa mkwe wa nyumba ile.

Aliuliza kama anaweza kupewa upande mwingine. Mwenyekiti akamjibu kwamba wa upande mwingine ana pumu, mlima utamuua, na kama Breki ana sababu aiseme. Sababu alikuwa nayo, ila kuisema kulikuwa kazi kubwa kuliko kuupanda mlima. Akakubali.

Ndoa yake ilikuwa imekufa miaka minne kabla ya hapo, bila kelele, kama taa inayoishiwa mafuta. Hawakujaliwa mtoto. Mkewe alikwenda ng'ambo kutunza wazee wa watu wengine, na hakurudi. Siku ya kikao cha kuachana, ndugu wa pande zote wakiwa wamekaa, mama mkwe, ambaye kwa miaka yote alimpakulia Breki kabla ya wanawe, alisema mbele ya wote: “Mwanangu sikumwoza kwa mtu. Nilimwoza kwa ukuta.” Breki hakujibu, na kutojibu kwake kukawa ushahidi. Tangu siku hiyo hakupanda tena mlima ule. Hata klabu ilipopita njia hiyo, yeye alichepuka, akawasubiri wenzake chini.

Jumamosi ya kwanza alikimbia barabara tupu. Kwa kinyozi, kupitia kioo, aliona kiti kimegeuzwa miguu juu. Mbwa alikuwa amelala katikati ya njia panda, na Breki alipopita aliinua sikio moja tu. Hapakuwa na vishindo vingine ila vyake, na barakoa ililowa pumzi kabla hajafika nusu ya mlima. Kwenye nyumba ya kwanza aliishi tarishi mstaafu, aliyemuuliza kutoka dirishani nani ameshinda, akimaanisha mpira, kana kwamba mpira ulikuwa bado unachezwa. Kwenye ya pili, dada wawili wazee walimpungia mkono kutoka nyuma ya pazia. Kisha akafika mlango wa buluu.

Aliweka mfuko, akagonga, akarudi nyuma. Mama mkwe alitoka na fimbo. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu ambaye Breki alimkumbuka akipita mlangoni kwa kuinama, na sasa hakuhitaji kuinama. Ile barakoa ya maua haikumficha Breki hata kidogo. Mkunga alimtazama toka juu hadi viatuni.

“Shikamoo, mama,” Breki alisema.

Hakuitikiwa. Mkunga aliuokota mfuko, akasema kwa sauti ya kawaida, “Mwambie aliyekutuma alete mtu mwingine,” akafunga mlango.

Breki alishuka mlima bila kukimbia. Hakumwambia Mwenyekiti neno. Kwenye kundi la simu, wenzake walituma picha za viatu vyao na maneno ya kutiana moyo, na yeye akaandika kama walivyoandika wote: “Nimefika, wote wazima.” Jumamosi iliyofuata alipanda tena.

Safari hii mkunga hakutoka. Alisimama ndani, nyuma ya nondo za dirisha, akamuuliza kama kwenye klabu hakuna binadamu mwingine. Breki alimjibu kwamba kwa mlima huu hakuna, mama.

“Mimi si mama yako tena.”

“Sasa nikuite nani?”

Mkunga alifikiri muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Mwishowe akasema, “Weka hapo chini,” na huo ndio ulikuwa mwanzo.

Wiki zikapita hivyo. Akija, mkunga yuko dirishani. Anaulizwa dawa za presha zipo, anasema zipo. Anaulizwa kama ana shida yoyote, anasema shida zake ana mazoea nazo. Kisha Breki anageuka, na akifika kwenye kona anageuka tena kidogo, na pazia bado liko wazi. Usiku alijikuta akipanga atakachosema Jumamosi, sentensi moja au mbili, na akifika pale zinamkauka. Lakini zilimpa kitu cha kupanga.

Jumamosi moja aliukuta mlango wa jikoni wazi na maji yakitoka nje hadi kwenye ngazi. Bomba la chini ya sinki lilikuwa limepasuka, mafundi hawakuruhusiwa kuingia kwenye nyumba za wazee, na mkunga alikuwa amesimama katikati ya dimbwi, fimbo mkono mmoja, ndoo mkono wa pili. Breki alipiga hatua kuingia, na mkunga akainua fimbo ile.

“Kaa hukohuko. Nimezalisha nusu ya mtaa huu, bomba ndilo litanishinda?”

Basi Breki akasimama nje ya dirisha la jikoni, akamfundisha kutoka hapo. Chini ya sinki, mkono wa kushoto, kuna koki. Ipapase kwanza usiitazame. Umeipata? Sasa izungushe kulia, taratibu. Usiilazimishe. Ikikaza, irudishe kidogo halafu uende tena. Bado. Bado kidogo. Vizuri, simama hapo. Sauti yake ilitoka pole na yakini, ile aliyowapa wanafunzi waliotetemeka kwenye usukani, na maji yakapungua, yakawa matone, yakakata.

Mkunga alijiinua kwa kushika ukingo wa sinki, mikono yote imelowa. “Kumbe maneno unayo,” alisema. “Ulikuwa unayaweka wapi?”

“Kwenye gari.”

“Na mkeo hukuwahi kumpakia humo?”

Breki aliangalia viatu vyake. Kisha, polepole, alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Aliwahi kumfundisha mkewe gari. Aliyefundisha mtaa mzima alimwogopea mkewe peke yake. Kila mkewe alipotaka kuliondoa gari, yeye alikuwa ameshakanyaga breki. Siku moja mkewe alizima gari katikati ya barabara, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Breki alimfuata nyuma na gari, polepole, njia nzima, hadi mlangoni, wala hakufungua kioo.

“Hilo hakuniambia,” mkunga alisema. Alikamua kitambaa ndani ya ndoo, akakikamua tena ingawa kilikuwa kimekauka. “Nilikuita ukuta.”

“Ndiyo, mama.”

“Sasa nashinda na kuta nne mchana kutwa. Nimeanza hata kuzisalimia.”

Breki alicheka ndani ya maua yake ya njano, kicheko kilichomshtua mwenyewe. Alipoaga na kuamkia, mkunga aliitikia marahaba, kama mtu anayelipa kitu kilichochelewa.

Baada ya hapo alikaa zaidi. Alisimama getini mpaka jasho linamkaukia mwilini, na mkunga alivuta kiti karibu na dirisha. Walizungumza mambo madogo, bei ya sabuni, paka wa jirani. Binti alipiga simu kila Jumamosi kutoka ng'ambo, ambako viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa, na siku moja simu ililia Breki akiwa palepale. Mkunga aliipokea. Sauti ya yule aliyekuwa mkewe ikatoka dirishani, nyembamba, yenye mikwaruzo, ikiuliza mama amekula nini, nani analeta vitu. Mkunga alimtazama Breki, akasema ni kijana mmoja wa klabu ya mbio. Breki hakutikisika mpaka simu ilipokatwa.

“Ulitaka nimwambie?”

“Hapana, mama.”

Alishuka mlima siku hiyo akiusikia upepo tu masikioni. Nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake hadi giza likaingia.

Homa ilimkamata katikati ya wiki. Asubuhi aliunusa mche wa sabuni asipate harufu yoyote, akajua. Watu wa afya walimwambia ajifungie. Koo liliwaka, kifua kilikuwa kama kimewekewa gunia, lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa hicho. Alikuwa amesimama getini kwa mkunga Jumamosi iliyopita. Je, alisogea? Alikohoa? Alirudia kila neno na kila hatua ya siku ile kichwani, kama mwalimu anayetafuta kosa baada ya ajali. Mwishowe alimpigia Mwenyekiti, akamwomba amwangalie yule wa mlango wa buluu.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini yule tu, na wengine wawili je?

“Ni mama mkwe wangu,” Breki alisema. “Alikuwa.”

Mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini, ambayo Breki hakujua kama anayo, “Na siku zote hizi unapanda huko kimya kimya?”

Sasa mifuko ikaanza kuwekwa mlangoni kwake. Alisikia mlango ukigongwa, kisha miguu ikirudi nyuma kwenye changarawe, na kila mara alijaribu kuitambua ni miguu ya nani. Alijikokota hadi dirishani. Huko getini mtu mwenye barakoa aliinua mkono, naye akainua wake, kisha yule akageuka na kukimbia. Breki alibaki ameshika pazia hadi barabara ikawa tupu tena. Kwa muda wote aliokuwa akipeleka mizigo hakuwahi kufikiria upande huu wa mlango, jinsi mgongo wa mtu anayekwenda zake unavyokuwa mdogo haraka.

Jioni ya tatu simu yake iliita kwa namba ngeni.

“Umekula?” ilikuwa sauti ya mkunga, aliyepewa namba na Mwenyekiti.

“Kidogo.”

“Kunywa maji. Mimi mzima, sina homa wala kikohozi, wamenipima. Usijipe kazi ya kuniwaza.”

Lakini mkunga hakukata simu. Aliiweka mezani, karibu na redio yake, akaendelea na shughuli zake. Breki alisikia kiti kikiburutwa, taarifa ya habari, mkunga akibishana na msomaji wa taarifa, kijiko kikigonga kikombe. Aliilaza simu kwenye mto, karibu na sikio. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku zilizofuata. Hawakuzidisha maneno kumi. Homa ilipompanda hadi akasahau yuko chumba gani, ile redio ya mbali na yale mabishano vilimwambia kwamba mahali fulani kuna nyumba yenye mtu ndani, na mtu huyo anajua yeye yupo.

Alipona taratibu. Alipoanza tena kukimbia, mlima ulimshinda, akaupanda kwa kutembea. Nchi nayo ilianza kufunguka kidogo kidogo, maduka kwanza, kisha vinyozi, kisha ndege. Jumamosi moja aligonga mlango wa buluu, akarudi nyuma, na aliyetoka alikuwa binti.

Walitazamana. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zake zilikuwa fupi. Breki alimsalimia, naye akaitikia, akatazama mfuko, akamtazama tena.

“Mama alisema ni kijana wa klabu,” alisema.

“Ndiye mimi.”

“Kijana.” Alitabasamu upande mmoja wa mdomo, bila ubaya. Kisha akamshukuru kwa dhati, kama anavyoshukuriwa daktari, na hapo Breki akaelewa kwamba baina yao hapakuwa na kidonda tena, wala kitu kingine chochote. Alijiuliza kama hilo linamuuma. Liliuma, lakini si mahali alipodhani.

Mkunga aliita kutoka ndani kwamba masharti yamelegezwa na watu waache kusimama nje kama wadai. Breki alivua viatu, akaingia. Sebule ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka, na kando ya ukuta kulikuwa na masanduku mawili wazi. Binti alileta chai, kisha akarudi chumbani kufungasha. Anamchukua mama aende kuishi naye ng'ambo, alieleza akiwa mlangoni. Peke yake hapa tena, haiwezekani. Nyumba imeshapata mpangaji.

Walikunywa chai, mkunga na Breki, kila mmoja akitazama kikombe chake. Nje mtoto alikuwa akipiga mpira ukutani. Hatimaye mkunga akasema, “Nimekuwa nikijiuliza. Mtu akiachana na mke, na mama mkwe huwa ameachana naye?”

Breki alisema hajui sheria inasemaje.

“Mimi sikumbuki kupewa talaka na mtu,” mkunga alisema, akamsogezea sahani ya mkate. “Kula. Umekonda.”

Mkunga na bintiye waliondoka wiki ile ile. Breki alikuwa amerudi kazini, na asubuhi hiyo alikuwa na mwanafunzi mwoga aliyezima gari kwenye kila mwinuko. Simu yake ilikuwa mfukoni, imezimwa sauti, kama inavyotakiwa. Alipoitazama alikuta mkunga amepiga mara mbili. Akapiga, ikamwambia namba haipatikani. Alimsindikiza mwanafunzi hadi kwao, akaegesha kando ya barabara, akatazama juu angani kwa muda, ingawa hakukuwa na ndege yoyote ya kuiona, na hata ingekuwepo asingejua kama ndiyo.

Klabu ilikusanyika tena mwezi uliofuata. Watu walikuwa wachache. Mmoja alikuwa amefariki, wawili walihama, wengine walikuwa bado wanaogopa. Walisimama kimya kumkumbuka aliyekwenda, kisha wakakimbia. Breki alikuwa katikati kama zamani, na vishindo vilikuwa kila upande wake, na kwa mara ya kwanza havikumtosha. Alishangaa. Alikuwa ameishi miaka na chakula hicho, na sasa kinapita kooni kama maji.

Jioni ile vyumba vyake vilikuwa vimetulia. Alipika, akala, akaosha sahani moja na kijiko kimoja. Akakaa. Kisha akachukua simu, akaizungusha mkononi, akampigia Mwenyekiti.

“Breki,” alisema Mwenyekiti, na nyuma yake cherehani ikasimama. “Kuna nini? Umeumwa tena?”

“Hapana. Hakuna kitu. Nimepiga tu.”

Mwenyekiti akashusha pumzi, akasema amepiga wakati mzuri, maana kuna mteja ametoka pale sasa hivi na kitambaa cha kumtosha mtoto, anataka ashonewe gauni la mtu mzima, tena lenye mikono mirefu. Breki aliegemeza mgongo kwenye kiti.

“Sasa ukamwambiaje?” aliuliza.

Mwenyekiti akaanza kumweleza, tangu mwanzo.